Tangazo la Tatu

Sehemu ya kumi na mbili

Wiki nzima simu yangu haikupumzika. Wasomaji wa Mfaranyaki, wasomaji wa Lizaboni, hata mama mmoja wa Mbinga aliyenipigia nikiwa bado napiga mswaki, wote mlikuwa na jibu moja: barua ya kupinga ndoa ya Otto kaiandika dada yake, Benigna, kwa kuwa hajawahi kumpenda wifi yake. Kuna mmoja aliapa kabisa.

Mmemsingizia dada wa watu.

Kwa wewe uliyetufikia leo, kisa ni hiki. Jumapili, misa ya kwanza, Katekista Romanus alisoma mbele ya waumini tangazo la tatu, ndilo la mwisho, la ndoa ya Otto Mapunda na Getruda Ngonyani. Otto ni seremala wa Mjimwema. Getruda ni fundi cherehani. Wameishi pamoja miaka kumi na moja na wana binti mmoja, Agripina, lakini ndoa hawajafunga. Harusi ilipangwa Jumamosi inayofuata. Misa ilipokwisha, Padri Tadei akawaita ofisini, akafunga mlango, akatoa bahasha kwenye droo na kusema, "Kuna mtu ameleta pingamizi." Hapo nikawaacha, na matusi yenu nimeyapokea.

Sasa mwangalieni Getruda. Mikono ameificha chini ya kitenge. Kidole gumba cha kushoto kina doa la wino wa bluu ambalo sabuni ya siku mbili imeshindwa kulitoa.

Barua aliiandika yeye.

Aliiandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane, kwenye karatasi aliyoichana katikati ya daftari lake la vipimo vya wateja. Ijumaa mchana, Padri akiwa kigangoni, akaisukuma chini ya mlango wa ofisi.

Mtu anapinga ndoa yake mwenyewe? Ndiyo. Ngoja nikwambie kwa nini, halafu umhukumu.

Mwezi uliopita, kwenye mafundisho ya ndoa, Mwalimu Amedeus aliwauliza wanaume sita mmoja mmoja mbele ya wachumba wao: kwa nini umemchagua huyu? Mmoja akasema ni mcha Mungu. Mwingine akasema ni mzuri kuliko wote wa Msamala, darasa likapiga makofi. Ikaja zamu ya Otto. Akakuna kichwa, akatazama dari, akasema, "Nimemzoea."

Watu walicheka mpaka mwalimu akatoa leso. Getruda naye alicheka. Lakini neno lile alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo.

Miaka kumi na moja alikuwa amesubiri. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake: mara msiba, mara mahindi yameshuka bei, mara ngoja kwanza tuezeke. Miaka yote hiyo Getruda hakupokea komunyo. Wenzake wakipanga mstari yeye hubaki kwenye benchi, akijifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Angeweza kuondoka mwaka wa tatu. Lakini ukishampa mtu miaka mitatu, unampa na wa nne ili ile mitatu isipotee, na wa tano ili uiokoe minne. Wengi wenu mnanielewa, msijifanye.

Halafu ghafla, Machi mwaka huu, Otto akabadilika. Nyumba yao ilikuwa ikifungwa kwa kipande cha bati miaka yote, na mwenye nyumba ni fundi wa milango! Asubuhi moja akaweka mlango wa mninga, akapiga bawaba tatu, akamwambia Getruda, "Twende kwa Padri." Hakueleza kwa nini sasa. Getruda naye hakuuliza, asije akamkumbusha kusita.

Basi ndiyo hiyo "nimemzoea" iliyoharibu mambo. Getruda alitaka, mara moja tu katika maisha yake, amwone Otto akimpigania. Atokee wa kupinga, Otto agonge meza aseme, "Uongo! Mke wangu ni huyu!" Hilo tu. Kisha barua ingetupwa kapuni na Jumamosi wangefunga ndoa.

Ni ujinga, na nimemgombeza sana. Lakini huyu mwanamke hajawahi kuambiwa kwamba anatakiwa, na mtu akikaa muda mrefu bila kuambiwa huanza kutafuta njia zake mwenyewe.

Padri Tadei alivaa miwani, akasoma:

"'Otto Mapunda asifungishwe ndoa. Ana mke wa ndoa Nakapanya.' Haina jina la aliyeandika."

Nakapanya Getruda aliichagua kwa kubahatisha. Alijua tu kwamba Otto, kabla hawajakutana, aliwahi kufanya biashara ya korosho upande wa Tunduru. Zaidi ya hapo hakujua kitu.

Akamtazama Otto. Gonga meza, alimwomba kimoyomoyo. Gonga basi, baba Agripina.

Otto hakugonga meza. Aliitazama ile barua mkononi mwa Padri. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Padri, nani amekuambia?"

Msomaji, mtu anayesingiziwa haulizi hivyo.

"Jibu kwanza, mwanangu. Ni kweli?"

"Ni kweli, Padri. Anaitwa Shakila."

Getruda alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kifupi, kikakatika. Uongo alioutunga yeye, kwenye meza ya cherehani yake, ulikuwa umepewa jina.

"Nilikuwa na miaka ishirini na minne," Otto alisema akiangalia sakafu. "Nilikuwa nanunua korosho kijijini kwao. Nikampenda binti wa mzee Kassimu. Nikasilimu, nikaitwa Abdulatifu, tukafungishwa ndoa msikitini kwao. Tuliishi misimu miwili. Halafu baba akafariki huku Mpitimbi. Nikamwambia Shakila, naenda msibani, narudi Alhamisi."

"Ukarudi lini?"

"Sikurudi."

"Ni miaka mingapi sasa?"

"Kumi na mitatu, Padri."

"Talaka ulimpa?"

"Sikumpa chochote. Ndugu zake walinipigia mara mbili, nikabadilisha laini."

Padri alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Otto, kwa sheria za Kanisa huenda ndoa ile isikuzuie. Hiyo ni kazi yangu, nitaishughulikia. Lakini sitakusimamisha altareni wakati kuna mwanamke wa watu hajui kama ana mume au hana. Niletee neno kutoka kwake, au kutoka kwa wazee wake. Ukilileta kabla ya Jumamosi, nitawafungisha Jumamosi. Usipolileta, hakuna ndoa."

"Nimekuelewa, Padri."

"Na wewe Getruda, unasemaje?"

Getruda alifungua mdomo aseme barua ni yake. Ulimi ukagoma.

"Sina neno, Padri," alisema. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

Nyumbani walimkuta Benigna amesimama mlangoni, kanga kiunoni. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi, na habari ilishamfikia, maana parokiani habari hutoka ofisini kabla ya wenyewe kutoka.

"Nipeni hiyo barua!" alifoka. "Mwandiko wa mtu haujifichi. Nitapita jumuiya nzima na daftari, kila mmoja aandike jina lake mbele yangu! Mtu gani ana roho mbaya namna hii?"

Akamkumbatia Getruda, akaanza kulia.

"Wifi yangu jamani. Umemvumilia huyu kaka yangu miaka yote hii, leo unafika mlangoni wanakusukuma. Nitamtafuta huyo mtu, na nitampata."

Nyie mliosema hampendi wifi yake, hapo ndipo mngemwona. Getruda alisimama mikononi mwake kama gogo, kidole gumba amekikunja ndani ya ngumi.

"Dada, acha," Otto alisema. "Aliyeandika hakukosea."

Akamweleza dada yake yote. Benigna akaketi. Otto akaendelea, na sasa alikuwa akimsemesha Getruda, ingawa macho yake yalikuwa kwenye mlango.

"Machi alikuja Daimu kununua mbao, yule wa Namasakata niliyekuwa nanunua naye korosho. Akaniambia Shakila amefariki. Mungu anisamehe, nilisema moyoni sasa niko huru. Kesho yake nikaweka huu mlango."

Getruda aliutazama mlango wa mninga. Kila asubuhi tangu Machi alikuwa akiufuta vumbi kwa kanga yake safi, akijua umewekwa kwa ajili yake. Maumivu aliyoyasikia hapo sina namna ya kuyaeleza vizuri. Yalikuwa maumivu tu.

"Lakini kwa Padri sikuutaja msiba huo, maana barua inasema *ana* mke," Otto alisema. "Haisemi alikuwa naye. Aliyeandika anajua Shakila yuko hai."

Akachukua simu, akampigia Daimu, akaweka sauti kubwa.

"Ee, Abdulatifu ndugu yangu! Asalaam aleikum!"

"Daimu, ile habari ya Shakila. Wewe msibani ulikwenda?"

"Wallahi sikwenda. Nilisikia watu wanasema sokoni, nikasema inna lillahi, basi. Kwani vipi?"

"Ulisikia kwa nani?"

"Sasa ndugu yangu, maneno ya sokoni utamjua aliyeyaanza?"

Otto alikata simu, akafunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kutikisika. Miaka kumi na moja Getruda hakuwahi kumwona akilia, hata Agripina alipougua wakakata tamaa. Leo alikuwa analia, na chini ya kilio kulikuwa na tabasamu.

"Hajafa," alikuwa akisema. "Hajafa akinisubiri. Dada, hajafa."

Benigna alimtazama kaka yake, akamtazama wifi yake, akainuka taratibu.

"Nawaacha," alisema. "Haya ni yenu wawili."

Sasa Getruda afanye nini? Akinyamaza, Otto atakwenda Nakapanya kumtafuta mtu aliyefufuliwa na wino wake yeye. Akisema, anamnyang'anya Otto ile nafuu aliyoililia, na yeye mwenyewe anabaki mwanamke aliyemchongea mumewe kwa Padri. Ningekuwa mimi ningenyamaza. Getruda ni mtu bora kuliko mimi.

Alikaa kwenye kiti cha cherehani. Gauni lake la harusi lilikuwa limetundikwa ukutani, limebaki kukunjwa pindo tu.

"Otto. Ile barua niliiandika mimi."

Otto aliinua kichwa. Hakuelewa.

Getruda akafungua ngumi, akamwonyesha kidole chenye wino.

"Nilibahatisha. Sikumjua Shakila wala sikuwahi kumsikia. Nakapanya ilinijia tu. Sijui kama yuko hai, Otto. Sijui lolote."

Machozi ya Otto yalikauka usoni mwake hapo hapo.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema umenizoea."

"Eti nini?"

"Kwenye mafundisho, mbele ya watu. Wenzio walisema wanapenda, wewe ukasema umezoea. Mtu anazoea kiti, Otto. Anazoea baridi ya Juni. Nilitaka nikuone unakataa kuniacha. Nilitaka ugonge meza ya Padri."

Otto aliteremka kwenye kigoda, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, chini ya lile gauni.

"Shakila nilimwambia maneno yote," alisema. "Nilimwambia nampenda. Nilimwambia siwezi kuishi bila yeye. Nikaondoka, nikaishi. Wiki ya kwanza niliogopa kurudi kwa sababu nimechelewa. Wiki ya pili niliogopa ile wiki ya kwanza. Ulipopita mwaka nikawa naogopa mwaka mzima. Tangu hapo, maneno yale yakinijia mdomoni nayasikia yananuka. Mwalimu Amedeus aliponiuliza, nikatafuta neno ambalo sijawahi kumdanganyia mtu. Nikapata hilo moja."

Getruda alikuwa akikitazama kile kidole chenye wino.

"Nikilala kwa dada silali," Otto aliendelea. "Nikisikia cherehani ya mtu mwingine najua si yako. Ukienda Mpitimbi kwa mama siku mbili, nakosea kupima mbao. Hilo ndilo nililokuwa nalisema."

"Ungeniambia hivyo."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza vipi, Otto? Kila nikiuliza unasema ngoja tuezeke."

Walilia wote wawili, huyu kwenye kiti, yule sakafuni, na hakuna aliyemsogelea mwenzake. Miaka kumi na moja ya kulala kitanda kimoja, na mazungumzo ya kwanza ya kweli ndiyo hayo. Mimi ninayewasimulia nimeachika mara moja, na nawaambia inauma zaidi kugundua kwamba ulipendwa na hukujua.

Jioni Otto alitoa begi uvunguni.

"Nakwenda Nakapanya."

"Nimekwambia barua ni ya uongo. Huenda hayupo."

"Akiwepo nitampa talaka yake mbele ya wazee wake. Asipokuwepo, nitakwenda kaburini, niseme kwa mzee Kassimu nilichopaswa kusema. Siwezi kukuambia ndiyo altareni wakati ile ndiyo nyingine niliitelekeza barabarani."

"Basi twende wote."

"Hapana. Ukija nitajificha nyuma yako. Nimejificha nyuma yako miaka kumi na moja, mama Agripina. Niache niende."

Aliposema hivyo, Getruda alisikia kitu alichokitafuta kwa ile barua yake. Kumbe mwanaume huyu anaweza kugonga meza. Akamfulia shati, akalianika jikoni karibu na moto likauke.

Jumatatu alfajiri walikuwa stendi. Baridi ilikuwa kali na milima ya Matogoro haikuonekana kwa ukungu. Getruda alimpa viazi vya kuchemsha kwenye kopo na sweta la bluu alilomshonea viraka vya viwiko. Otto alikaa dirishani. Abiria walikuwa wachache. Kondakta akagonga ubavu wa basi.

"Umenisamehe?" Getruda aliuliza kutoka chini.

"Wewe umenisamehe?"

"Sijui."

"Na mimi sijui," Otto alisema, akatoa mkono dirishani, akamshika kile kidole gumba chenye wino. "Lakini usimwambie Padri aahirishe. Gauni likunje pindo."

"Nitalikunja."

Basi likaanza kusogea. Otto akatoa kichwa nje. Uso wake ulikuwa mwepesi, uso wa mtu aliyeamua, na alikuwa anatabasamu kabisa.

"Usiwe na wasiwasi!" alipaza sauti. "Narudi Alhamisi!"

Getruda alibaki ameduwaa na mkono hewani.

Alimtafuta machoni, aone kama amelisikia neno lake mwenyewe. Hakuwa amelisikia. Alikuwa anapunga mkono kwa moyo mweupe, kama ambavyo huenda alimpungia yule mwingine miaka kumi na mitatu iliyopita. Getruda alitaka kupiga kelele, sema Jumatano, sema Ijumaa, sema siku yoyote, baba Agripina, hiyo usiseme. Basi likawa limeshapita geti.

Alirudi Mjimwema kwa miguu, karibu mbio. Njia nzima alikuwa anajiambia kwamba neno ni neno tu, na basi la Tunduru hurudi Alhamisi kama linavyorudi siku nyingine. Alipofika nyumbani hakuweza hata kungoja kufungua. Akasimama nje, ufunguo mkono mmoja, simu mkono mwingine, akampigia. Alitaka amwambie abadilishe siku. Angeonekana mwendawazimu, lakini angemwambia tu.

Simu ikaita.

Iliita ndani ya nyumba, nyuma ya mlango wa mninga.